Kuunda Mashua kwa Maelezo Pungufu: Msamiati wa Waunda Vyombo Mbali na Pwani

Makusudio ya makala haya ni kueleza kazi moja ya mikono, yaani uundaji wa mashua ndogo ya tanga, kwa upande ule unaowahusu wanafunzi wa lugha. Maelezo yaliyoandikwa yanapopungua, ni kitu gani kinachoyajaza? Swali hili halikuzuka maktabani. Lilizuka Huruma, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, karibu na mto Mathare, mahali palipo mbali na Mombasa kwa kilomita zipatazo 480 na ambapo maji ya jirani hayawezi kueleza hata mtumbwi. (Hata hivyo, maji hayo hayo ya Mathare huingia katika mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, yakaishia baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki, kwa hiyo si kweli kabisa kwamba Huruma haina njia ya kwenda pwani.)

Seremala mmoja kijana, ambaye hutengeneza vitanda na makabati katika ua wa jengo la kupanga, alipata huko Gikomba nakala ya maelezo ya Kiingereza juu ya kuunda mashua ya mbao yenye urefu wa futi 12. Baba yake ni mvuvi wa Ziwa Victoria, na nia ya kijana ilikuwa kumpelekea chombo. Kurasa zilikuwa kumi na nne, na nne nyingine za katikati hazikuwamo. Aliniletea mimi karatasi hizo, si kwa sababu najua kushika randa, bali kwa sababu nafundisha lugha. Alidhani kwamba nikiisha kumfasiria maneno, kazi iliyobaki itakuwa ya mikono yake. Ziwa lile lina sifa mbaya ya dhoruba za ghafla, na mzee ndiye atakayeketi ndani ya mashua. Kwa hiyo kufasiri ovyo hakukuwezekana.

Jambo la kwanza lililodhihirika ni kwamba zile kurasa zilizopotea hazikuwa tatizo kubwa. Michoro iliyotangulia na iliyofuata ilionyesha wazi yaliyokuwa katikati, kama vile msomaji wa hadithi awezavyo kukisia sura iliyochanika. Tatizo lilikuwa katika kurasa zilizokuwapo. Kila penye ugumu, mwandishi wa maelezo alinyamaza. Baada ya kutaja vipimo vya kila taruma kwa uangalifu mkubwa, aliandika kwamba kingo za mataruma zikatwe mshazari ‘kadiri ifaavyo’, akapita. Alipofika kwenye viungo vya mbao, alisema vizibwe ‘kwa njia ya kawaida’. Aliyekuwa akiandika alimdhania msomaji wake kuwa mtu aliyekulia kando ya kiwanda cha mashua, akaona haya kumweleza yale ambayo kila mtoto wa huko ameyaona. Kwa hakika maelezo yote ya ufundi yana desturi hii. Hutaja kipimo, kwa kuwa kipimo huandikika, na huacha namna ya kutenda, kwa kuwa mkono haukuzoea kuandikwa.

Tuchukue huo mshazari. Taruma ni ubavu wa chombo. Mashua ikiwa imenyooka kama sanduku, ukingo wa taruma ungekatwa mraba na ubao ungelala juu yake bila taabu. Lakini mashua hupungua upana kuelekea omo na kuelekea tezi, na ubao unaozunguka ubavu wake huligusa kila taruma kwa pembe nyingine. Taruma la katikati karibu halihitaji mshazari. La mbele kabisa huhitaji mwingi. Na katika taruma lilo moja, mshazari wa chini si sawa na wa juu. Hakuna tarakimu iwezayo kutosha hapa isipokuwa jedwali refu, nalo likiandikwa huwa na makosa. Fundi hafanyi hesabu. Huchukua upapi mwembamba ulionyooka, usio na fundo, akaulaza juu ya mataruma matatu au manne kwa pamoja, akauacha upinde wenyewe. Kisha huinama akatazama. Mahali upapi ulipogusa ncha moja tu ya ukingo na kuacha mwanga upande wa pili, hapo panatakiwa kupunguzwa kwa tezo au randa, kidogo kidogo, mpaka mwanga upotee. Halafu upapi husogezwa chini kwa upana wa vidole vinne na kazi ikaanza upya. Basi ‘kadiri ifaavyo’ maana yake ni hiyo: mpaka upapi ulale bila kuacha mwanga.

Na Kiswahili kina neno lake. Kukata hivyo ni kukata hanamu. Neno hili hanamu, katika msamiati wa mabaharia, ni pia jina la ule mti wa omo unaopasua maji, ambao husimama kwa kuinamia mbele. Mtu aliyejifunza neno kiwandani hujifunza pamoja nalo kwamba omo la chombo na ukingo wa taruma vina tabia moja. Nilipomwambia seremala wetu kwamba maandishi yanataka ‘hanamu’, alicheka, akasema kwamba katika milango ya makabati hukata vivyo hivyo siku zote bila kulijua jina lake. Alikuwa na ufundi, hakuwa na neno. Mwandishi wa Kiingereza naye alikuwa na neno, akauacha ufundi nje ya karatasi.

Hapa yafaa tutazame kitenzi kinachoitawala kazi yote. Katika Kiswahili nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, na chombo huundwa. Kuunda, kwa maana yake ya zamani, ni kuunganisha mbao zikawa kitu kimoja, na hasa kuzifanya kuwa chombo cha kusafiria majini. Kiunzi, ambalo limetoka katika shina hilo, ni mifupa ya mbao inayobeba mwili wa kitu. Leo twasema muundo wa sentensi, muundo wa riwaya, muundo wa serikali, wala hatukumbuki kwamba tumeazima kiwandani. Sioni ubaya wa kuazima huko. Ubaya ni kwamba wanafunzi wetu wa Nairobi wanayajua maana ya kuazimwa peke yake, hata mmoja alipata kuniuliza iwapo ‘kuunda mashua’ ni Kiswahili sanifu.

Waunda vyombo wa pwani, kama wale wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, hawakuzoea kutumia karatasi. Mkuku hulazwa kwanza, juu ya magogo, na kila kipimo kingine huzaliwa na urefu wake. Kisha husimamishwa hanamu mbele na fashini nyuma. Tangu hapo jicho la fundi mkuu ndilo mchoro. Namna ya kufuatanisha kazi inayobaki si moja duniani. Wako wanaosimamisha mataruma kwanza, wakayavika mbao kama mtu avikavyo ngozi ngoma; na wako wanaounganisha mbao kwanza, ubao juu ya ubao, mpaka umbo lipatikane, ndipo wakatia mataruma ndani kulishikilia. Maelezo ya kijana wetu yalikuwa ya namna ya kwanza. Vyombo vya kale vya Bahari ya Hindi vilikuwa vya namna ya pili, na kielelezo chake kikubwa katika pwani yetu ni mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha Wabajuni na wenyeji wa visiwa vya Lamu na Pate. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa jamvi la mraba. Kushona huku ni kwa kale sana. Kile kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus, kinachoeleza bandari za bahari hii, kinataja mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, na jina hilo kinalihusisha na vyombo vya kushonwa, kwa kuwa katika Kiyunani lina maana ya kushona. Kwa hiyo mmoja wa miji yetu ya kwanza kabisa kuandikwa, jina lake ni la kiwandani. Bara nako kulikuwa na mitumbwi ya mbao za kushonwa kwa nyuzi za mimea, ile ya visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, ambayo Waganda waliitumia kwa uvuvi na kwa vita.

Mitepe ilikwisha kutoweka baharini kabla ya katikati ya karne ya ishirini. Mwaka 2003 iliundwa nakala ya mtepe huko Unguja kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, ikapewa jina la Shungwaya. Msomaji na afikiri ugumu wa kazi ile. Hapakuwa na mtepe hai wa kuigiza. Palikuwa na sanamu ndogo za mtepe, picha, na maandishi ya wageni waliouona ukisafiri, na maandishi hayo yanaeleza zaidi sura ya chombo kuliko mpango wa kukiunda. Picha humwonyesha mtu mshono ulivyo. Haimwonyeshi mshonaji alivyokaza kamba, wala alivyoizuia isilegee alipohamia tundu la pili. Upungufu wa maelezo ya kijana wa Huruma na upungufu wa maelezo ya mtepe ni wa aina moja, isipokuwa kwamba wa mtepe hauna tena mtu wa kumwuliza.

Ajabu ni kwamba kushona kulirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1962, Uingereza, Jack Holt na Barry Bucknell walibuni mashua ndogo ya kuundwa nyumbani na watu wasio mafundi, wakisaidiwa na gazeti la Daily Mirror, na mashua ikaitwa Mirror. Vipande vya plaiwudi hukatwa kwa kipimo, vikatobolewa matundu madogo kandokando, vikashonwa kwa waya wa shaba. Vikiisha kushonwa hujipinda vyenyewe vikawa umbo la mashua. Ndipo viungo hufunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi ngumu, na waya hukatwa. Zimeundwa zaidi ya 70,000. Siri ya kufaulu kwake ni hii: umbo limefichwa katika ukataji wa vipande, na mwundaji hahitaji jicho la fundi wa Matondoni. Hayo ndiyo maelezo yaliyokaribia kabisa kukamilika, na yalikaribia kwa kuchagua njia ya kuunda ambayo haihitaji kuelezwa sana.

Nilimshauri seremala wetu aitumie njia hiyo. Alichemsha kwanza kipande cha plaiwudi ya mtaani ndani ya sufuria, ambalo ni jaribio zuri kwa mtu asiye na maabara, kwa maana gundi isiyofaa majini huachia. Baada ya saa chache tabaka zilitengana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa. Plaiwudi ya kustahimili maji bei yake ilimshinda. Akarudi kwenye mbao na mataruma, na kwa hiyo kwenye ‘njia ya kawaida’ ya kuziba viungo.

Njia ya kawaida ni kalafati. Ubao hupakana na ubao, na baina yao huachwa ufa ulio mwembamba ndani na uliopanuka kidogo nje. Pamba husokotwa ikawa uzi mnene, ikachovywa katika mafuta, ikasukumwa ufani kwa patasi butu na nyundo nyepesi. Pwani hutumiwa mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo pia hupakwa mwili wote wa chombo; na chini, panapozama majini, hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Kila neno hapa lina kazi yake, na neno moja ‘rangi’ haliwezi kuyabeba yote. Mwenye kukalafati hana budi kujua kiasi: pamba ikiwa chache maji hupita, ikishindiliwa mno, ubao ukinywa maji na kuvimba, hausongi pamba bali husukuma ubao mwenzake mpaka misumari ing’oke. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mbao zilizokaa Nairobi, juu ya mita 1,600, katika hewa iliyo kavu kuliko ya pwani. Mbao hizo husinyaa zaidi, na zikiingia majini huvimba zaidi. Kwa sababu hiyo chombo kipya cha mbao hulowekwa kwanza, kikaachwa kijae maji kwa siku kadhaa, kikanywa na kujikaza, ndipo kikatolewa maji kwa upo na kutazamwa panapovuja. Karatasi za kijana hazikusema neno juu ya hili. Mtu asiyejua angeona mashua yake mpya inajaa maji siku ya kwanza, akadhani kazi yake yote imeharibika.

Juu ya misumari nitasema machache. Iwe iliyochovywa zinki, na tundu litangulie kutobolewa kwa keekee ili ubao usipasuke, na shingo ya msumari izungushiwe pamba yenye mafuta chini ya kichwa. Seremala wa vitanda hupiga msumari moja kwa moja, na mazoea haya yalichukua muda kumtoka. Tena kuna jambo ambalo hakuna maelezo ya lugha yoyote hulitaja, nalo ni kupima lango. Mashua ilikuwa na upana wa futi tano na mlango wa ua ulikuwa na futi nne. Alilitambua mapema, akaiundia nje, chini ya turubai, na watoto wa jengo zima wakawa mashahidi wa kila ubao.

Yako mambo ambayo Kiswahili chenyewe hakina neno lake, kwa sababu vyombo vyetu havikuwa na kitu chenyewe. Mashua ya karatasi zile ilikuwa na ubao wa kushushwa majini kwa kupitia kisanduku kilicho katikati ya mkuku, ili chombo kisisukumwe upande. Ngalawa haina kisanduku hicho. Nilipendekeza tuseme ‘ubao wa kushusha’, naye akauita ‘kisu’. Neno lake ni bora kuliko langu. Kisanduku chenyewe ndicho mahali panapovuja kwanza katika mashua za aina hii, basi tulikieleza kwa urefu kuliko mwandishi alivyofanya.

Lakini neno lililonitia hofu lilikuwa la kamba. Kiingereza hutumia neno lilelile kwa shuka la kitandani na kwa kamba iongozayo tanga kutoka pembe yake ya nyuma. Kijana alikuja akaniuliza, “Mwalimu, hili shuka linafungwa wapi?” Alidhani shuka ni tanga. Neno letu ni demani. Alipolitafuta katika kamusi yake ndogo ya shule alikuta kwamba demani ni majira ya mwaka, mwishoni mwa kusi, jambo ambalo pia ni kweli, akazidi kuchanganyikiwa. Nilipomweleza kwamba ni kamba, swali lake lilibaki lilelile, nalo lilikuwa swali la haki: inafungwa wapi? Mchoro ulionyesha kipande cha mti nyuma ya mashua, na kamba imezungushwa hapo.

Katika chombo kidogo demani haifungwi. Hushikwa mkononi, au huzungushwa mara moja tu ili mkono usichoke, na mwisho wake hubaki mkononi. Upepo ukipiga kwa ghafla, baharia huilegeza; tanga humwaga upepo, na chombo kikasimama tena wima. Ikiwa imekazwa kwa fundo, tanga hushika upepo wote na mashua hupinduka kabla mtu hajalifikia fundo. Upande wa pili wa tanga, pembe ya mbele ya chini, kuna joshi, ambayo wengine huiita goshi. Hiyo ndiyo ya kufungwa. Kuzibadilisha kamba hizi mbili kwa kosa la tafsiri ni kumwandalia mzee wa watu kifo. Mchoraji hakukosea, kwa maana alimwandikia mtu aliyejua.

Kwa kuwa hatari yenyewe imo katika neno, kamusi zetu zahitaji kuulizwa zinafanya nini. Msamiati wa baharini haukusahauliwa kabisa. Krapf mwaka 1882, na Sacleux na Johnson mwaka 1939, waliokota mengi ya maneno haya kutoka vinywani mwa watu wa pwani, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 iliendeleza kazi hiyo. Lakini desturi ya kamusi ni kutaja kitu ni nini. Kusema kwamba jina fulani ni la ‘sehemu ya chombo’ au ‘kamba ya tanga’ humtosha msomaji wa utenzi, wala hakumtoshi mwenye tezo mkononi. Na hali ya kiwandani inabadilika upesi. Mwaka 2016 Ali Skanda, fundi wa Lamu, na wenzake walianza mradi wa kuunda jahazi kwa plastiki chakavu. Jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lenye urefu wa mita zipatazo 9, lilishushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Unguja mwanzoni mwa 2019. Plastiki haina nyuzi kama mti, haipindi kama mti, na hapakuwa na fundi wa zamani aliyewahi kuirandia mkuku. Hata hivyo mkuku uliitwa mkuku na taruma likaitwa taruma, na pamoja na majina hayo zikaja taratibu zote za kazi ambazo hazikupata kuandikwa.

Pendekezo langu kwa watungaji wa kamusi za fani ni dogo. Kila jina la chombo lifuatwe na kitendo chake: hufanywa lini katika mfuatano wa kazi, kwa kifaa gani, mpaka ionekane nini, na hatari yake ni ipi. Kwa mfano:

Hanamu: mshazari wa ukingo wa taruma, hukatwa baada ya mataruma kusimamishwa na kabla ya mbao kupigiliwa, kwa tezo au randa, mpaka upapi ulale bila kuacha mwanga.

Demani: kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, hushikwa mkononi na hulegezwa upepo uzidipo, katika chombo kidogo haifungwi kwa fundo.

Kwa njia hii tumekwisha andika maneno kumi na sita, na nakala yake imo ndani ya mashua iliyopelekwa ziwani, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa chini ya kiti cha nyuma. Maneno yaliyobaki mengi ni ya foromali, henza na jarari, na kabla ya kuyaandika yafaa kwanza kuketi na mabaharia wa Lamu, maana hayo hayawezi kujaribiwa katika ua wa Huruma.